Nilificha pumu nilipoingia jeshi la Marekani. Je, cheti changu cha kuachishwa kinaweza kupandishwa?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nilikuja Marekani na familia kwa bahati nasibu ya green card. Niliingia Army mwaka 2018. Siku ya vipimo nilijaza kwamba sijawahi kuugua pumu, ingawa utotoni nilikuwa nayo, na nilipokuwa kidato cha pili ilirudi nikapewa tena pampu ya kuvuta. Ofisa aliyeniandikisha aliniambia, "Ukijaza ndiyo hapo, safari imeishia hapa." Nilitumikia miezi 32, tisa kati ya hiyo nikiwa Kuwait, na uraia niliupata nikiwa jeshini. Tuliporudi nilibanwa kifua mara mbili kwenye mbio za asubuhi. Daktari akaniuliza, nikamwambia ukweli wote. Mwaka 2021 nikaachishwa kwa kosa la kuingia jeshini kwa udanganyifu, na cheti kikaandikwa General, hadhi iliyo chini ya Honorable, yaani ya heshima kamili. Sasa nataka kusomea unesi, naambiwa fedha za masomo za wanajeshi sistahili. Rafiki yangu anasema niandike kwamba sikujua kama ile ilikuwa pumu, au niseme nina PTSD, yaani maradhi ya akili yanayoletwa na mshtuko, maana ndiyo inayopita. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana ushauri wake ndio utakaokuangusha. Usiandike kwamba hukujua. Ulishamwambia daktari wa kikosi kwamba ulikuwa unajua, na maneno yako yamo kwenye faili la matibabu. Wajumbe wa bodi inayopitia maombi ya kupandisha cheti watakuwa na faili hilo mezani pamoja na barua yako ya maombi. Na fomu ya maombi ina onyo pale unapotia sahihi kwamba maelezo ya uongo ni kosa la jinai. Uliachishwa kwa sababu ya jibu moja lisilo la kweli kwenye fomu. Ukiwapelekea fomu ya pili yenye jibu la namna ileile, hakuna mjumbe atakayekusikiliza kwa lingine lolote, hata liwe la haki kiasi gani.

Tena kesi yako ina nguvu, na nguvu hiyo iko palepale unapotaka kupafunika. Hakuna aliyekukamata. Rekodi ya pumu yako ilikuwa kwenye daftari la hospitali, lile la kurasa 40 ambalo mgonjwa kwetu hununua dukani, daktari akaandika humo, na mama akalirudisha kabatini. Tangu mwaka 2022 vituo vya upimaji vya jeshi vinatumia mfumo wa kompyuta uitwao MHS Genesis, unaovuta rekodi za matibabu za raia kutoka hospitali za Marekani. Daftari la Moshi haliwezi kuvutwa na mfumo huo, na mwaka 2018 hata mfumo wenyewe ulikuwa haujafika kwenye vituo hivyo. Jeshi lilijua kwa sababu daktari alikuuliza nawe ukajibu. Hilo ndilo liwe aya ya kwanza ya barua yako, wala usilizungukie.

Sasa chukua cheti chako, DD 214, tukisome pamoja. Hakikisha ni nakala ndefu iliyoandikwa Member-4 chini, kwa kuwa ile fupi haina visanduku tunavyovitaka. Kisanduku cha 24 ndicho chenye hadhi ya utumishi wako. Cha 26 kina herufi tatu za sababu ya kuachishwa. Kwa kuingia kwa udanganyifu mara nyingi huwa JDA. Cha 27 kinaonyesha kama unaweza kurudi jeshini. Cha 28 kina sababu yenyewe kwa maneno. Wengi huomba cha 24 tu kibadilishwe, wanasahau cha 28. Hapo unaweza kubaki na cheti cha heshima kamili ambacho chini yake kimeandikwa udanganyifu, na mwajiri wa hospitali anayeomba nakala ya Member-4 atausoma. Kwa hiyo omba vyote viwili: hadhi ipande iwe Honorable, na sababu ibadilishwe iwe Secretarial Authority, maneno ambayo bodi huyatumia pale zinapotaka sababu isiyomchafua mtu.

Kuhusu masomo, uliyoambiwa ni kweli. Post-9/11 GI Bill, mpango wa fedha za masomo za wanajeshi, inataka utumishi wa heshima kamili, na General haitoshi, ingawa inakupa mambo mengine mengi nitakayoyataja. Ukipandishwa, miezi yako 32 inakuweka kwenye daraja la asilimia 90, ambalo ni la waliotumikia miezi 30 lakini hawakufika 36. Ada ya unesi unaijua mwenyewe, kwa hiyo naelewa kwa nini umeandika.

Bodi ya kwanza kwako ni Bodi ya Mapitio ya Kuachishwa ya Army, na fomu yake ni DD 293. Sheria inakupa miaka 15 tangu siku ulipoachishwa, kwa hiyo muda unao. Kufungua maombi ni bure. Ukikutana na mtu anayekudai ada ya kufungua, mkimbie. Unaweza kuomba wapitie karatasi tu, au uombe kusikilizwa mwenyewe, na siku hizi mara nyingi ni kwa video. Ukikataliwa kwa karatasi bado una haki ya kuomba kusikilizwa, na mimi kwa kawaida nashauri hivyo: peleka karatasi kwanza, soma sababu walizokunyimia, kisha nenda kusikilizwa ukiwa na majibu. Juu ya bodi hiyo kuna Bodi ya Kurekebisha Rekodi za Kijeshi, inayotumia fomu DD 149. Muda wake ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa au dhuluma, ila wanaweza kuusamehe ukichelewa kwa sababu ya maana. Hiyo ndiyo yenye uwezo wa mambo mazito, kama kudai kwamba ulistahili kupitia utaratibu wa ulemavu badala ya kufukuzwa. Bodi ya kwanza haigusi hilo.

Bodi itajiuliza mambo mawili. La kwanza ni kama utaratibu ulifuatwa. La pili ni kama matokeo yalikuwa ya haki kwa mtu kama wewe. Wanaanza na dhana kwamba ofisi za jeshi zilifanya kazi yake sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vingine ni wako.

Kwenye utaratibu, omba faili lako lote la kuachishwa. Rekodi za watumishi hutunzwa St. Louis, Missouri, na huombwa bila malipo kwa fomu SF-180 au kwa mtandao. Tafuta barua ya taarifa aliyokupa kamanda: je, ilitaja haki yako ya kuonana na wakili wa jeshi na kuandika utetezi? Kama ulitia sahihi kwamba umeacha haki hizo, ulielezwa kwa lugha uliyoielewa, au ulisukumiwa karatasi saa kumi jioni ukaambiwa weka sahihi uende nyumbani? Angalia pia kama yupo aliyewahi kupendekeza ubakizwe. Kanuni ziliruhusu udanganyifu wa kuingia usamehewe na mwanajeshi aendelee na kazi, hasa mtu ambaye ameshatumwa ng'ambo akarudi salama. Kama jambo hilo halikuwahi hata kufikiriwa, liseme.

Kuna swali jingine ambalo watu hulipita, na kwako nalitilia mkazo. Udanganyifu wa kuingia si kila jambo lisilojazwa. Lazima liwe jambo ambalo, kama jeshi lingelijua, lingeweza kukufanya ukataliwe. Kwa pumu, viwango vya afya vya Wizara ya Ulinzi vinaweka mpaka kwenye umri: pumu iliyokuwepo baada ya kutimiza miaka 13 ndiyo inayozuia. Ya utotoni iliyokwisha kabla ya hapo haizuii. Ndiyo maana ile pampu ya kidato cha pili ina uzito kuliko miaka yote ya nyuma. Ulikuwa na umri gani? Je, daktari aliandika pumu, au aliandika mkamba, au mzio wa vumbi, akakupa pampu kutuliza kifua? Nimeona madaftari mengi ya hospitali zetu ambapo mtoto alipewa dawa ya kuvuta kwa kikohozi cha wiki mbili na neno pumu halikuandikwa mahali popote. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako. Nasema daftari lisomwe na daktari wa mapafu kabla hujakiri jambo kubwa kuliko lililotokea. Ukweli ni pamoja na kutojiongezea.

Ila kuna kitu cha kuzingatia. Fomu ya historia ya afya, DD 2807-1, ina maswali mawili tofauti: moja linauliza kama umewahi kuwa na pumu au shida ya kupumua inayoletwa na mazoezi, hali ya hewa au chavua, na jingine linauliza kama umewahi kuandikiwa au kutumia pampu ya kuvuta. Hata kama la kwanza lina utata, la pili halina. Ulitumia. Ulijaza hapana. Kwa hiyo hoja ya umri inaweza kupunguza uzito wa ulichoficha, lakini haifuti kwamba ulificha. Tena hata ile iliyozidi miaka 13 si mwisho wa safari, kwa sababu jeshi hutoa vibali maalumu kwa watu wenye historia ya pumu baada ya kuwapima mapafu. Andika hivi: ningesema ukweli, pengine ningeombewa kibali, na miezi 32 ya utumishi wangu inaonyesha kibali hicho kisingekuwa kosa.

Hadhi ya General nayo haikulazimishwa na kanuni yoyote. Kanuni ya wizara kuhusu walioingia kwa udanganyifu inasisitiza daraja la chini kwa mtu aliyeficha kwamba aliwahi kuachishwa jeshi kabla bila heshima. Historia ya ugonjwa haimo kwenye kundi hilo. Kamanda wako angeweza kukupa Honorable na bado akakuachisha. Kwa nini hakufanya hivyo? Kama faili halina adhabu wala karipio, na lina tathmini nzuri na medali ya Kuwait, bodi ina nafasi ya kuuliza swali hilohilo.

Sasa yule ofisa mwandikishaji. Namwamini kila kijana anayeniambia habari hii, kwa sababu nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu wasiojuana. Lakini usimfanye yeye kuwa kesi yako. Ukiandika kurasa tatu juu yake, bodi itaona mtu anayekwepa. Mpe aya moja: alisema nini, wapi, nani alikuwepo, ulikuwa na umri gani, ulikuwa umeishi Marekani muda gani. Kama kuna ujumbe wa simu wa wakati ule, ambatanisha. Kama kuna mwenzako mliyeandikishwa siku moja aliyesikia, naye aandike kwa sahihi yake. Kisha maliza kwa kusema mkono uliojaza fomu ulikuwa wako.

Kuhusu PTSD, nisikilize vizuri, maana watu wengi wanaharibu hapa. Ni kweli zipo hati zinazoagiza bodi ziwatazame kwa jicho la upole askari wenye maradhi ya akili yaliyotokana na utumishi. Ya mwaka 2014 ilitolewa na Waziri wa Ulinzi Hagel, na ya Agosti 2017 inaitwa hati ya Kurta, jina la ofisa wa Wizara ya Ulinzi aliyeitoa. Hati ya Kurta inauliza: ulikuwa na hali hiyo? Ilikuwepo ukiwa jeshini? Inaeleza kosa lako? Inalizidi uzito? Kwako wewe swali la tatu ndilo linalokwama. Kosa ulilifanya siku ya vipimo, kabla hujavaa gwanda. Msongo wa Kuwait hauwezi kueleza jambo lililotangulia Kuwait. Hati hiyohiyo pia inasema upole huo si lazima kwa maradhi yaliyokuwepo kabla na ambayo jeshi halikuyaleta wala halikuyazidisha. Kama kweli huna PTSD, usiitaje. Kama unayo, katibiwe, lakini usiitumie kama ufunguo wa mlango usio wake.

Niwaambie jambo ndugu zetu wa Congo na Burundi wanaosoma hapa, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au nyingine, wakaficha walipoandikishwa kwamba waliwahi kupata ushauri nasaha kwa sababu ya waliyoyaona vitani. Kesi yenu si sawa na hii. Hali hiyo ilikuwepo siku ya kujaza fomu, na hofu na aibu ya kuizungumzia inaweza kuwa sehemu ya maelezo ya kwa nini mlikaa kimya. Kama utumishi uliizidisha, ile hati ya Kurta inaanza kuwahusu. Mtafute mwanasaikolojia mwenye leseni aandike ripoti, na msipeleke maombi bila hiyo.

Hati inayokufaa wewe ni ya Julai 2018, ya Wilkie, naye ofisa wa wizara hiyohiyo, inayohusu haki na huruma. Inaagiza bodi zitazame uwazi wa mwombaji, kukubali kosa, majuto, muda uliopita, mwenendo baada ya jeshi, ukubwa wa kosa, na ushuhuda wa watu wanaomjua. Soma orodha hiyo kisha jitazame. Uwazi unao, tangu kwa daktari. Kosa umelikubali. Miaka imepita. Linalobaki ni kuonyesha umeishije tangu 2021, na hapo ndipo barua nyingi huwa dhaifu. "Mimi ni raia mwema" haimwambii mjumbe chochote. Mwambie unafanya kazi wapi, zamu gani, umepanda cheo lini, unamlea nani. Barua ya sajenti wako wa Kuwait aliyekuona ukibeba mzigo ina thamani kuliko barua kumi za watu wa kanisani, ingawa ya mchungaji nayo iwepo. Sajenti aandike alichokiona: mwezi gani, kazi gani, ulifanyaje. Na aonyeshe anajua sababu ya kuachishwa kwako, kwa sababu shahidi asiyejua kosa hana uzito.

Soma pia maamuzi yaliyopita. Bodi huweka maamuzi yake kwenye chumba cha kusomea cha mtandaoni, majina yakiwa yameondolewa. Tafuta yenye sababu kama yako. Utaona waliokubaliwa na waliokataliwa, na utajifunza lugha ya wajumbe kuliko nitakavyokufundisha mimi. Na mtu asikudanganye kwamba cheti hujipandisha chenyewe baada ya miezi sita. Uvumi huo umewapotezea watu miaka.

Wakati unaandaa haya, kuna milango ambayo tayari iko wazi na sijui kama umeigonga. General inakustahilisha matibabu ya VA, idara ya serikali inayohudumia waliowahi kuwa wanajeshi. Jaza fomu 10-10EZ wiki hii. Pia fungua dai la fidia ya kifua. Chini ya sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 2022, pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi kwa mtu aliyekaa Kuwait huchukuliwa kuwa imetokana na mazingira ya kule, moshi wa mashimo ya kuchomea taka ukiwemo. Kwako watabishana, kwa sababu ulikuwa nayo kabla. Lakini sheria ya VA pia inamhesabu mwanajeshi kuwa mzima siku aliyoingia isipokuwa kwa maradhi yaliyoandikwa kwenye vipimo vyake, na wakitaka kusema vingine lazima walete ushahidi ulio wazi kwamba ulikuwa nayo na kwamba jeshi halikuizidisha. Kuhusu uzidishaji una la kusema: ulikimbia mbio za jeshi bila kubanwa kabla ya Kuwait, ukabanwa mara mbili baada yake. Mpe mwakilishi wa chama cha wastaafu, kama Disabled American Veterans au American Legion, akusimamie bure. Kwa maombi ya bodi, jaribu kliniki za sheria za vyuo vikuu na National Veterans Legal Services Program.

Nisisitize tu kwamba haya yanakuhusu kwa kuwa wewe uliachishwa. Mtu ambaye kuandikishwa kwake kulifutwa kabisa, kana kwamba hakuwahi kuingia, anakutana na kanuni ngumu zaidi ya VA kuhusu walioficha ugonjwa. Huyo aonane na wakili kwanza.

Uraia wako nadhani ndio unaokunyima usingizi, ingawa hukuuliza. Sheria inaruhusu uraia uliopatikana kwa utumishi wa jeshi kufutwa kama mtu ameachishwa kwa hadhi iliyo chini ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. General iko upande wa heshima kwa hesabu hiyo. Hivyo cheti chako pekee hakikuweki hapo. Hata hivyo, barua utakayoipeleka kwa bodi ni ungamo lenye sahihi yako, na itabaki kwenye faili la serikali. Kabla hujaituma, mpe wakili wa uhamiaji aisome kwa saa moja. Kwa msomaji mwenye green card tu, ambaye hajaapa, hili si la hiari: wakili wa uhamiaji kwanza, bodi baadaye.

Nitumie faili la St. Louis likifika, kabla hujajaza DD 293. Na umpigie mama leo. Mwambie asilitume lile daftari kwa posta. Alipige picha kila ukurasa, pamoja na jalada lenye jina lako na kurasa ambazo hazina kitu, kisha alirudishe kabatini. Madaktari wetu huandika kwa Kiingereza, kwa hiyo sehemu kubwa haitahitaji mfasiri. Ninachotaka kukiona kwanza ni tarehe ya ile siku ya kidato cha pili, na neno ambalo daktari aliliandika mbele yake.